Kichaa cha Mbwa na Milango ya Ubongo

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Msome pamoja na mwalimu wenu baada ya kusikiliza.

Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa Kinjumbi, katika wilaya ya Kilwa, pamoja na jirani zao wa Kipatimu, Somanga na vijiji vyote vya pwani ya Lindi. Wekeni kalamu zenu chini kwanza, msikilize. Kuandika kutakuja mwisho wa somo.

Mtu akisema historia, wengi hufikiri habari za wafalme na vita tu. Ninyi mnazijua habari za masultani wa Kilwa, na za vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi. Hizo ni habari kubwa, wala hatuzisahau. Lakini ugonjwa nao una historia yake. Una mwanzo wake, una watu waliopigana nao, una makosa yaliyofanywa na ushindi uliopatikana. Basi leo tutasimulia historia ya ugonjwa mnaoujua ninyi nyote, nao ni kichaa cha mbwa.

Huku kwetu pwani watu wengi hawamfugi mbwa ndani ya nyumba. Mbwa hufugwa shambani, apate kuwafukuza nguruwe na nyani wasimalize muhogo na mahindi. Hukaa chini ya dungu usiku kucha, naye bwana wake hulala kwa amani juu. Mbwa huyo amjua bwana wake, awajua watoto wa nyumba, na hata mgeni akikaribishwa yeye hunyamaza. Kisha siku moja mbwa huyo huyo hubadilika. Hali chakula. Sauti yake yawa nyingine. Ate zamtoka kinywani. Hukimbia huku na huku bila shabaha, huuma mti, huuma jiwe, humuuma mbuzi, na mwisho humuuma mtoto aliyempa ugali jana. Baada ya siku chache amekufa.

Sasa nawauliza: Ni nini kilichomgeuza mbwa huyu? Nani aliingia kichwani mwake akabadili tabia yake? Swali hili watu wameliuliza kwa miaka maelfu, na jibu lake limepatikana kidogo kidogo. Tufuate safari ya jibu hilo tangu mwanzo.

Habari za kale

Katika nchi ambayo leo yaitwa Iraki palikuwa na mji wa Eshnunna. Sheria za mji huo ziliandikwa katika vibao vya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita. Sheria moja yasema hivi kwa maana yake: Ikiwa mbwa ana kichaa, na wakubwa wa mtaa wamekwisha kumwonya mwenye mbwa, naye asimzuie, kisha mbwa akamwuma mtu akafa, mwenye mbwa atalipa fedha shekeli 40. Tazameni, ndugu zangu. Watu wale hawakujua ugonjwa watoka wapi, lakini walikwisha kujua mambo mawili: kwamba kuumwa na mbwa mwenye kichaa huleta kifo, na kwamba mwenye mbwa ana wajibu.

Katika Uyunani wa kale Aristotle, mtu mwenye hekima nyingi, aliandika kuwa kichaa cha mbwa huwapata wanyama walioumwa lakini hakimpati mwanadamu. Hilo lilikuwa kosa, na nalitaja kusudi mjue kuwa hata mwenye hekima hukosea, na kitabu nacho hupimwa. Baadaye tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza ugonjwa huu katika kitabu chake cha utabibu, akataja na hofu ya maji inayompata mtu aliyeumwa.

Watu wa zamani walikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema ni jua kali, wengine kiu, wengine nyota, wengine pepo. Mwaka 1804 Mjerumani mmoja, Georg Gottfried Zinke, aliamua kujaribu badala ya kubahatisha. Alichukua mate ya mbwa mwenye kichaa, akayapaka katika jeraha la mbwa mzima. Mbwa yule naye akaugua. Basi ikawa wazi kuwa ugonjwa hukaa ndani ya mate.

Pasteur na mtoto Joseph

Sasa twafika Ufaransa, kwa Louis Pasteur. Bwana huyu hakuwa daktari; alikuwa mtaalamu wa kemia. Yeye na msaidizi wake Émile Roux waliona kuwa mate peke yake hayatoshi kuueleza ugonjwa. Mgonjwa amechanganyikiwa, basi shina la maradhi lazima liwe katika ubongo. Wakachukua ubongo wa mnyama aliyekufa kwa kichaa, wakautia kidogo katika ubongo wa mnyama mzima, na kila mara mnyama yule akaugua. Hivyo walijua nyumba halisi ya ugonjwa.

Kisha wakachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakautundika ndani ya chupa katika hewa kavu. Kadiri uti ulivyokauka, ndivyo nguvu ya ugonjwa ilivyopungua. Wakawadunga mbwa kwanza uti uliokauka sana, kesho yake ule ambao haukukauka sana kama huo, na hivyo hivyo siku kwa siku. Mbwa wale wakapata kinga.

Tarehe 4 Julai 1885 mtoto mmoja wa miaka 9, Joseph Meister, aliumwa na mbwa mwenye kichaa katika jimbo la Alsace. Mama yake akampeleka Paris kwa Pasteur. Pasteur alikuwa na hofu nyingi, maana dawa yake ilikuwa haijathibitishwa kwa binadamu. Lakini mtoto asingedungwa, kifo kilikuwa kinamngoja. Tarehe 6 Julai sindano ya kwanza ikatolewa kwa mkono wa daktari. Alidungwa sindano 13 kwa jumla. Mtoto akaishi, akakua, na alipokuwa mtu mzima akawa mlinzi wa mlango katika taasisi ya Pasteur. Basi tangu mwaka 1885 kinga ya ugonjwa huu inajulikana. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Huku Afrika ya Mashariki, ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na mji wa Nairobi. Tangu hapo madaktari wa mifugo wameuona katika nchi zetu zote.

Fumbo la ubongo

Mwaka 1903 mwenye darubini mmoja wa Italia, Adelchi Negri, aliutazama ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa. Akaona vidoa vidogo ndani ya chembe za ubongo. Alidhani vidoa vile ndivyo vijidudu vyenyewe. Lakini mwaka huo huo Paul Remlinger alionyesha kuwa kijidudu cha ugonjwa huu ni kidogo mno, hupita hata katika chujio linalozuia bakteria. Vijidudu vidogo namna hiyo twaviita virusi. Vidoa vya Negri, kama ilivyojulikana baadaye, ni mahali ambapo virusi hutengeneza viungo vyao ndani ya chembe ya ubongo.

Viungo hivyo ni protini. Hapa tusimame kidogo, maana neno hili ndilo ufunguo wa somo letu. Mmezoea kusikia kuwa maharage, kunde, samaki na mayai yana protini, nayo hujenga mwili. Ni kweli. Lakini mwili ukishakula, huivunja protini ile ya chakula na kuunda protini zake wenyewe, za aina maelfu. Nyingine ni nyama ya mkono wako. Nyingine hubeba hewa katika damu. Na nyingine, ndani ya ubongo, hufanya kazi ya milango. Kirusi cha kichaa cha mbwa, pamoja na madhara yake yote, kina protini za aina 5 tu. Moja kati ya hizo imekivika kirusi kwa nje, kama miiba ya shokishoki ilivyolivika tunda. Tutaiita protini ya nje.

Basi wataalamu wakapata fumbo. Walipoupasua ubongo wa aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, mara nyingi hawakukuta uharibifu mkubwa. Ni kama kuingia katika nyumba ambayo jana usiku ilikuwa na makelele na ugomvi, ukakuta viti vimesimama na vyungu havikuvunjika. Ikiwa ubongo haukubomoka, nini basi kilichomgeuza mbwa tabia?

Mioyo miwili ya vyura

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kujua ubongo huzungumzaje na mwili. Mtaalamu aliyelifungua jambo hili ni Otto Loewi, katika mji wa Graz nchini Austria. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa usiku mmoja aliota ndoto ya jaribio la kufanya. Akaamka, akaandika maneno machache katika kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi alipotazama karatasi, hakuweza kusoma mwandiko wake! Usiku uliofuata wazo likamrudia. Safari hii hakuandika. Aliondoka moja kwa moja akaenda kazini. Ninyi mnaojifunza kuandika, jifunzeni kwa Bwana Loewi: andika vizuri upate kusoma kesho.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Moyo wa kwanza ulikuwa na mshipa wake wa fahamu. Alipousisimua mshipa ule, moyo ukapiga polepole. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayamimina juu ya moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapiga polepole, ingawa haukuguswa na mshipa wowote. Maana yake nini? Mshipa ulikuwa umetoa kitu ndani ya maji, na kitu kile kilikuwa kimebeba amri. Alitangaza habari hiyo mwaka 1921. Kitu chenyewe kikajulikana kwa jina la asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Sasa tunganisheni mambo haya. Mshipa wa fahamu hutoa mjumbe, naye ni asetilikolini. Mjumbe huenda mpaka kwenye nyama au kwenye chembe nyingine ya ubongo. Huko hukuta mlango, na mlango huo ni protini. Mjumbe akigusa kitasa, mlango hufunguka na amri huingia. Hivyo mkono huinuka, na hivyo mbwa hukimbia au hutulia. Milango ikiwa mizima, tabia huwa ya kawaida. Je, mtu mwingine akija akakizuia kitasa, itakuwaje?

Ninyi watu wa Kilwa mnajibu lake tayari, maana mnawajua nyoka. Mtu akiumwa na nyoka wa jamii ya swila, huweza kulegea, kope zikashuka, pumzi ikamwishia. Baadhi ya sumu za nyoka hao hufanya kazi hiyo kwa kukaa juu ya kitasa cha asetilikolini, hata mjumbe akija hana pa kushika.

Mwaka 1982 wataalamu wa chuo kikuu cha Yale huko Marekani, Thomas Lentz na wenzake, walionyesha kuwa virusi vya kichaa cha mbwa hujishika mahali pale pale, penye milango ya asetilikolini, na kwamba sumu ya nyoka ikitangulia kukaa hapo virusi hupata shida kujishika. Baada ya miaka miwili wakaona tena kuwa kipande cha protini ya nje ya kirusi kinafanana na sumu hiyo ya nyoka kwa namna kilivyopangwa. Tangu hapo imejulikana kuwa kirusi kina milango mingine pia ya kuingilia, lakini mlango huu wa asetilikolini ndio unaohusu fumbo letu.

Mwaka 2017 Karsten Hueffer na wenzake, katika chuo kikuu cha Alaska, walifanya jaribio. Hawakutumia kirusi kizima. Walichukua kile kipande kidogo tu cha protini ya nje, kinachofanana na sumu ya nyoka, wakakitia katika ubongo wa panya. Panya wale hawakuwa na ugonjwa, maana kipande cha protini hakizaani. Lakini walianza kukimbiakimbia kuliko panya wenzao. Kipande kile kilikuwa kimezuia vitasa vya asetilikolini ndani ya ubongo, na tabia ikabadilika.

Basi hapa fumbo limeanza kufumbuka. Nyumba haikubomolewa; ni vitasa vilivyoshikwa. Panya si mbwa, na kipande si ugonjwa mzima, kwa hiyo kazi ya wataalamu haijaisha. Lakini tazameni pia werevu wa balaa hili: virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha mpaka kwenye ubongo, kisha hushuka mpaka kwenye mate. Wakati mate yamejaa virusi, mbwa amekwisha kupotewa na akili na yuko tayari kuuma. Kwa njia hiyo ugonjwa hupata mwili mwingine wa kukaa.

Wazimu na aibu

Somo hili limewafundisha wataalamu jambo kubwa kuliko kichaa cha mbwa peke yake. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa mwingine, usioambukiza na usiotokana na mbwa. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa wanawake vijana. Mtu aliyekuwa mzima huanza kusema maneno yasiyofuatana, huona visivyokuwapo, hupata degedege. Sababu yake ni kwamba askari wa damu, ambao kazi yao ni kuua vijidudu, hukosea wakashambulia protini fulani ya ubongo, nayo ni mlango kama ile tuliyoitaja. Wagonjwa wengi wakipata dawa mapema hupona. Mwaka 2015 maji yaliyotoka katika ubongo wa wagonjwa kama hao yalitiwa katika ubongo wa panya, panya wakawa wasahaulifu na tabia yao ikabadilika. Yalipoachwa kutiwa, baada ya siku kadhaa wakarudi katika hali yao. Mwaka huo huo ilijulikana kuwa Knut, dubu mweupe wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyekufa mwaka 2011, alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo.

Msichanganye mambo, ndugu zangu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa peke yake, na magonjwa mengine ya akili yana sababu nyingine nyingi, baadhi yake hazijajulikana. Mgonjwa wa akili hambukizi mtu, wala hastahili kufungwa kamba au kuchekwa njiani. Lakini magonjwa haya yote yatwonyesha jambo moja, kwamba akili ina mwili wake. Ubongo huugua kama vile ini au mguu uuguavyo. Hakuna anayemwonea haya ndugu yake aliyevunjika mguu. Basi tusimwonee haya aliyeugua ubongo. Tumpeleke kwa wenye dawa, kama tunavyompeleka mwenye homa.

Habari za kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2002 wataalamu walikadiria kuwa watu karibu 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka katika Tanzania. Kwa dunia nzima hesabu iliyotolewa mwaka 2015 ilikuwa watu 59,000 kwa mwaka, wakiwamo watoto wengi, na karibu wote waliumwa na mbwa. Na hapa nalirudia lile neno: kinga inajulikana tangu mwaka 1885. Watu hawa walikufa huku dawa ipo.

Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliendesha kazi kubwa pamoja na serikali katika wilaya 28 za kusini-mashariki ya Tanzania na kisiwa cha Pemba. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwamo. Mbwa walichanjwa vijijini, na waganga wa zahanati na maafisa mifugo walipeleka habari za watu walioumwa kwa simu ya mkononi. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wasiofika wawili. Maana yake ugonjwa huu si moto wa nyika usiozimika. Wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia. Huko Pemba uliondoka baada ya chanjo, ukarudi mwaka 2016 wakati chanjo ilipolegea, ukaondolewa tena kufikia mwaka 2018.

Lakini Lindi na Mtwara palionekana jambo la pekee. Wataalamu walihesabu wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa tangu mwaka 2011 hadi 2019. Karibu nusu walikuwa mbwa, na zaidi ya asilimia 40 walikuwa wanyama wa porini, hasa mbweha. Hilo si la kawaida katika sehemu nyingine za nchi. Basi mkazi wa Kinjumbi anayelala shambani wakati wa kulinda mazao asimwogope mbwa peke yake. Mbweha wa porini hukimbia mtu. Ukimwona mbweha anakujia mchana, hana hofu, jua kuwa huyo si mbweha wa kawaida. Vitasa vyake vimeshikwa.

La kufanya

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini ajali hii kinga inayo, nayo ndiyo sababu ya somo hili. Shikeni mambo manne.

La kwanza, ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, mbweha, au mnyama yeyote unayemshuku, osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Maji na sabuni huondoa na kuua virusi vingi kabla havijaingia katika mishipa. Usipake pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa.

La pili, nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Watu wa Kilwa wanayo hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Utapewa sindano kwa siku utakazopangiwa. Usiache katikati kwa kuwa jeraha limepona. Jeraha hupona upesi, lakini virusi hutembea polepole, na mara nyingi ugonjwa huonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Muda huo ndio nafasi yako. Dalili zikianza, hofu ya maji ikija, dawa zimechelewa na karibu hakuna anayepona.

La tatu, wafundisheni watoto waseme. Mtoto huficha kidonda kwa kuogopa kuchapwa, maana aliambiwa asimchezee mbwa. Mwambieni leo jioni, kabla hamjalala: Mwanangu, ukiumwa uniambie, sitakuchapa. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yake. Wala msidharau mkwaruzo mdogo. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

La nne, siku ya chanjo wapelekeni mbwa wote, wakubwa kwa wadogo. Anayemchanja mbwa wake amemkinga na mtoto wa jirani. Watu wa Eshnunna walilijua jambo hilo miaka 3,800 iliyopita. Walimtoza fedha mwenye mbwa aliyepuuza.

Historia ya ugonjwa huu ilianza kwa hofu na kubahatisha, ikapita katika mate, katika uti wa sungura, katika moyo wa chura na sumu ya nyoka, hata ikafika kwenye mlango mdogo wa protini usioonekana kwa macho. Sura yake ya mwisho haijaandikwa. Itaandikwa Kinjumbi, na Kipatimu, na kila kijiji chenye mbwa, na waandishi wake ni ninyi. Sasa chukueni kalamu. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza

Protini: kitu kinachojenga mwili, nyingine hufanya kazi ya milango katika ubongo.
Mshipa wa fahamu: uzi wa mwili unaopeleka amri na habari.
Virusi: vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa darubini ya kawaida.
Chanjo: dawa inayoufundisha mwili kujikinga.

Maswali ya darasani

1. Zinke alijaribu nini mwaka 1804, na jaribio lake lilionyesha nini?
2. Joseph Meister alikuwa na umri gani alipodungwa sindano ya kwanza?
3. Maji ya moyo wa kwanza wa chura yalifanya nini kwa moyo wa pili? Eleza sababu.
4. Kwa nini mtu aliyeumwa asingoje kuona dalili ndipo aende hospitali?
5. Andika barua fupi kwa jirani yako mwenye mbwa, umweleze kwa nini ampeleke kuchanjwa.